Wateja wananidai nguo, nami najificha nyuma ya pazia. Tatizo ni tabia yangu?

"Mimi ni fundi nguo hapa Moshi, nina miaka 34, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni. Nina cherehani mbili, ovaloki moja, fundi mmoja ninayemlipa kwa nguo, na binti mmoja anayejifunza. Kazi ninazo na wateja wanaipenda mishono yangu, ila simalizi kwa wakati. Nikisema Jumamosi, inakuwa Jumamosi ya pili au ya tatu. Pasaka iliyopita sare 28 za kwaya zilitoka Jumapili yenyewe saa nane mchana, watu wameshaimba na kurudi makwao. Mwenyekiti wa kwaya hakunifokea. Alizihesabu, akaondoka nazo, na hawajarudi tena. Umeme unakatika, fundi wangu akishika hela anapotea siku mbili, na wateja wengine wanaleta kitambaa leo wanakitaka kesho. Sasa hivi nina nguo kama 60 kwenye mifuko. Advansi zake nimeshazitumia: kodi ya kibanda, ada ya mtoto, na marejesho ya mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, niliouchukua mwezi wa tano. Nimeanza kuzima simu. Mteja akija, namwambia binti aseme nimetoka, kumbe niko nyuma ya pazia la kupimia. Kuna mama ana gauni la kijani la sendofu ya binti yake, tarehe 14 mwezi ujao, hata sijalikata. Mume wangu anasema sina nidhamu ya kazi. Je, ni tabia yangu? Niache biashara nitafute kuajiriwa? Desemba inakuja na ninaiogopa."

Dada yangu, pole kwa mzigo huo, na asante kwa kuueleza ulivyo bila kujisafisha. Mtu anayeandika "niko nyuma ya pazia" ameshaanza kutoka nyuma yake.

Nikuelewe vizuri kwanza. Hofu yako kubwa si zile nguo 60. Unaogopa kwamba labda wewe mwenyewe ndivyo ulivyo, mtu wa maneno matupu, na kwamba hata nguo hizi zikiisha zitakuja nyingine 60. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Nianze na hilo la tabia. Mvivu hana nguo 60 kwenye mifuko, maana wateja humjua mapema wakaacha kumpelekea. Nimewashauri wafanyabiashara wadogo Arusha na Moshi kwa miaka mingi, na wanaochelewesha kazi ambao nimewakuta ni, kwa sehemu kubwa, watu wanaoamka mapema na kulala usiku. Ugonjwa wao ni kwamba ahadi wanaitoa moyoni badala ya kuitoa daftarini. Mteja amesimama mbele yako, ana kitambaa kizuri, anakusifia, anauliza "lini?" Moyo unataka kumfurahisha, mdomo unasema "Jumamosi." Ile mifuko hukuiuliza.

Binadamu wengi tuko hivyo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hili mwaka 1979: mtu akikadiria muda wa kazi yake huiona ikienda bila kikwazo, hata kama kila mara iliyopita vikwazo vilikuwepo. Mwaka 1994 watafiti wengine waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Walipoulizwa itakuwaje kila kitu kikienda vibaya, wakasema siku 49. Walimaliza kwa siku 55. Yaani hata walipojitahidi kuwaza mabaya yote, hawakuufikia ukweli. Kwa hiyo usiniambie "safari hii nitakadiria kwa uangalifu." Kukadiria ndiko kunakokuangusha. Inabidi uhesabu.

Chukua daftari lako. Hesabu ni nguo ngapi zilizotoka kibandani zimekamilika na kuchukuliwa katika wiki nne zilizopita. Zilizokatwa usizihesabu, wala zile zilizobaki vifungo tu. Gawa kwa siku ulizofanya kazi. Wewe ukiulizwa utasema mnatoa nne au tano kwa siku. Daftari, nadhani, litasema chini ya hapo. Tuseme ni tatu. Nguo 60 kwa nguo tatu kwa siku ni siku 20 za kazi. Kwa wiki ya siku sita, hizo ni wiki tatu na siku mbili. Maana yake mteja anayeingia leo asubuhi, hata umeme usikatike na fundi asipotee, nguo yake itaingia kwenye cherehani baada ya wiki tatu na ushee. Wewe unamwambia Jumamosi.

Hesabu hii inatumika benki, hospitali na viwandani, na mwaka 1961 Mmarekani John Little aliithibitisha kihisabati: muda wa kusubiri ni idadi ya vilivyo kwenye foleni ukigawa kwa idadi inayotoka kila siku. Foleni haijui kama wewe ni mcha Mungu au una nidhamu. Inajua kilichoingia na kilichotoka tu. Kila kitambaa unachopokea kabla ya kutoa kingine kinawasogeza wote nyuma, pamoja na yule mama wa gauni la kijani.

Sasa kwa nini tatu na si tano? Niliwahi kukaa siku nzima kwenye kibanda cha fundi mmoja wa kike kule Kijenge, Arusha, nikiwa na kalamu. Kabla ya saa sita mchana walikuja watu tisa wa "mara moja tu": kufupisha suruali, kubadilisha zipu, kupunguza kiuno cha sketi. Kila alipokuja mmoja, fundi alitoa gauni kwenye cherehani, akabadilisha uzi, akatafuta zipu kwenye kopo, akashona, akapokea buku mbili, akarudisha uzi wa mwanzo. Halafu akatafuta alipoishia. Mara mbili alishona mkono wa kushoto upande wa kulia akalazimika kufumua. Jioni alikuwa amekamilisha gauni moja, na aliniapia kwamba hakupumzika hata dakika moja. Ni kweli, hakupumzika. Tulichobadilisha ni kidogo mno: marekebisho yote yakawa saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, kwa uzi uliopangwa rangi kwa rangi. Mwenye haraka aliacha suruali yake, akaifuata jioni. Angalia kama na wewe huvuji hapo hapo.

Umeme nao ni kweli unakatika, sibishani nawe. Ila kukata hakuhitaji umeme, wala vifungo, wala pindo za mkono, na pasi ya mkaa bado inauzwa. Kama moja ya cherehani zako inaweza kufungwa kwenye meza ya miguu, ifunge. Jambo linalokupata kila wiki limeshakuwa sehemu ya kazi, na ahadi yako inabidi ilibebe.

Hapa nataka nitenganishe maneno mawili yanayochanganywa sana, kusababisha na kuwajibika. Fundi wako akipotea siku mbili, aliyesababisha ni yeye. Lakini mteja hakumpa kitambaa fundi wako. Alikupa wewe, akakutazama wewe, akataja tarehe kwako. Kwa hiyo wa kumjibu ni wewe, hata kama kosa si lako. Wafanyabiashara wengi huliona hilo kama kuonewa. Kwangu ndipo mahali pekee ulipo na nguvu: umeme huuwezi, tabia ya fundi huiwezi yote, lakini neno ulilompa mteja liko mikononi mwako tangu linapotoka kinywani hadi siku ya kuchukua nguo. Unaweza kulitoa vizuri, na unaweza kulirekebisha mapema kabla halijavunjika.

Kwaya ile haikuondoka kwa sababu ya kuchelewa. Hebu fikiri: kama Jumatano ya wiki ile ungempigia mwenyekiti ukamwambia, "Mwenyekiti, zipo tayari 16, za sauti ya kwanza na ya pili. Hizo 12 sizimalizi kabla ya Jumapili. Tufanyeje?" angekasirika, ndiyo. Lakini angekuwa na siku nne za kuamua: wote wavae sare za zamani, au wenye sare mpya wasimame mbele, au mafundi wawili wa jirani wakusaidie. Ulichomnyima ni zile siku nne. Kuhesabu kimya na kuondoka ni namna ya mtu aliyeona hakuna cha kuongea nawe tena.

Nalijua hili kwa sababu nililifanya. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa kadi Ngarenaro, Arusha, kadi za harusi na za michango. Mzee mmoja alinipa kazi ya kadi 200 za mchango. Siku ya ahadi wino ulikuwa umeniishia, na hela yake nilikuwa nimenunulia karatasi za mtu mwingine. Nilimwona akija, nikaingia stoo. Alikaa kwenye benchi kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, kofia juu ya goti. Kijana wangu alimwambia nimetoka. Yule mzee akasema, "Nitamsubiri, pikipiki yake ipo." Nilikaa stoo saa nne nikiangalia viatu vyake kupitia chini ya mlango. Hajawahi kunitukana hadi leo. Kadi alizichapisha kwingine, na ukoo mzima ukamfuata huko.

Kwa hiyo la kwanza, la leo, mwondoe yule binti kwenye uongo. Amekuja kwako kujifunza kukata na kushona, na sasa anajifunza kujificha pia. Mwambie mbele ya fundi wako: kuanzia leo hakuna kusema "katoka" kama nipo.

Tuje kwenye hela, maana hapa ndipo penye mzizi. Tunasema ahadi ni deni, na kwako msemo huo ni hesabu kabisa. Tuseme advansi yako kwa wastani ni shilingi 10,000. Kwa nguo 60, hiyo ni laki sita. Hiyo si mapato yako. Ni mkopo kutoka kwa wateja 60, na wewe umeutumia kodi na ada kabla ya kukata kitambaa. Juu yake kuna kausha damu inayodai kila wiki. Nadhani wiki yako inakwenda hivi: siku ya marejesho inakaribia, mfukoni hakuna kitu, anaingia mteja mpya na advansi, unaipokea kwa shukrani, unairejesha kwa mkopeshaji, na foleni inakuwa nguo 61. Hapo huwezi kusema "njoo baada ya wiki tatu," kwa sababu humhitaji mteja yule, unahitaji elfu kumi yake jioni hiyo. Ndiyo maana nimekataa kukuita mtu asiye na nidhamu. Umefungwa kwenye mzunguko ambao hata mwenye nidhamu angezungushwa nao.

Lakini tazama upande wa pili wa mifuko hiyo. Kama kila nguo imebakiza 15,000 ya kumalizia, humo ndani mna laki tisa. Ziko zilizobakiza vifungo, zilizobakiza pindo, zilizobakiza pasi. Kumaliza nguo ya zamani kunakupa 15,000 na kunafunga deni. Kupokea mpya kunakupa 10,000 na kunafungua deni. Jioni ya leo zimwage zote mezani, uzipange mafungu matatu: zenye tarehe isiyosogea, kama sendofu, harusi au kipaimara; zilizobakiza kazi ya chini ya saa moja; na nyinginezo. Asubuhi mnashona fungu la kwanza, vichwa vikiwa vibichi. Mchana mnamaliza la pili, kwa sababu hilo ndilo litakalolipa marejesho ya wiki. La tatu linasubiri zamu yake, na wenyewe wanaambiwa.

Kuwaambia ndiko unakokuogopa, najua. Piga simu, usitume ujumbe, isipokuwa kwa asiyepokea. Usianze na umeme wala fundi. Sema jina lake, sema nguo yake, sema umechelewa, sema tarehe mpya uliyoihesabu, halafu mpe uhuru: "Dada, gauni lako la kitenge nilikuahidi Jumamosi iliyopita, sikutimiza. Nimepanga kazi upya, litakuwa tayari Alhamisi ya tarehe 22. Ukiona ni mbali, kitambaa chako kipo salama hakijakatwa, na advansi nitakurudishia kwa mafungu mawili." Kisha nyamaza umsikilize. Wachache watadai kitambaa. Wengine watakufokea, na utawaacha wafoke. Wengi watasema sawa, kwa sababu walichokuwa wanakitafuta kwa wiki mbili ni mtu wa kuwaambia ukweli. Tarehe hiyo mpya ongezea siku mbili juu ya hesabu. Ukiivunja ya pili, hutapewa ya tatu.

Na kazi mpya? Watu hapa huniambia kukataa kazi ni kukataa riziki. Ningeelewa kama riziki hiyo ingekuwa inakufikia. Kwa sasa inapita tu kwako kwenda kwa mkopeshaji. Njia iliyo salama zaidi ni kufunga kupokea kwa wiki mbili na kubaki na marekebisho ya jioni peke yake. Ubaya wake ni kwamba hela ya advansi inakatika ghafla, na fungu la pili likiwa dogo utashindwa rejesho. Njia ya pili ni kuongeza fundi wa kulipwa kwa nguo kwa mwezi mmoja. Inafaa kama una mtu unayeujua mkono wake, vinginevyo utatumia muda wako kufumua. Njia ya tatu ni kuendelea kupokea, ila kwa tarehe ya kweli ya wiki tatu na nusu. Wengi watakwenda kwingine, na ni sawa. Mimi kwa hali yako ningefunga wiki ya kwanza yote, halafu nianze kupokea kwa kanuni moja: zikitoka nguo tatu, inaingia moja, hadi mifuko ifike 25. Hapo foleni ni kama siku nane, na ukisema "wiki ijayo hadi Jumatano" utakuwa unasema kweli.

Kuanzia hapo, nusu ya kila advansi iweke kwenye laini nyingine ya simu, isiyo ile ya matumizi, ukaitoe nguo inapokatwa, kununua bitana, zipu na uzi wa nguo ile ile. Nasema nusu kwa sababu ukiambiwa uiweke yote utaivunja siku ya tatu, na sitaki ushindwe tena.

Kuhusu kuajiriwa, sikatazi. Kuna mafundi wazuri sana ambao hawapendi hesabu wala kubishana na wateja, na wakiajiriwa wanatulia. Lakini usiondoke ukiwa na nguo 60, kwa sababu utaajiriwa Moshi hii hii, na wenye vitambaa watakufuata. Maliza kwanza, uamue mwezi wa pili, baada ya msimu wa sare za shule za Januari. Desemba yenyewe isikutishe sana. Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi hela inashuka nao, na fundi mwenye foleni fupi mwezi wa kumi na moja ndiye anayeivuna. Weka tu tarehe ya mwisho ya kupokea, uiandike kwa kalamu nene mlangoni.

Kuna mambo ambayo barua hii haitoshi. Kama mkopeshaji ameshika kadi yako ya benki na namba ya siri, au hujui kiasi gani kimebaki, usilibebe peke yako. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni, na masharti ya mkataba una haki ya kuyaelewa. Mteja akikutishia polisi, fahamu kwamba kuchelewesha nguo kwa kawaida ni jambo la madai, lakini kuzima simu na kujificha kunaweza kufanya lifanane na utapeli. Kwa yote mawili shirika la KWIECO wako hapo Moshi na wamezoea kusaidia wanawake kisheria. Kwa hesabu na mpangilio wa karakana, nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo. Na mifuko ikishapungua, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kuhusu mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iliyokuwa imesitishwa ikarudi Julai 2024: asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya wanawake, inatolewa kwa vikundi, na haina riba. Nimesema ikishapungua, kwa makusudi. Mkopo juu ya foleni ya nguo 60 ni kuni juu ya moto.

Jambo moja hukuliandika lakini nalisikia. Kama usiku hulali, moyo unakwenda mbio simu ikiita, au umewahi kuwaza kwamba ingekuwa heri usiwepo, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC ukaongee na daktari wiki hii. Hilo halisubiri zamu kwenye foleni. Mume wako naye umwonyeshe hesabu hii ya 60 kwa tatu. Pengine hajui, anaona tu kibanda kimejaa.

Gauni la kijani likate kesho asubuhi kabla hujafungua mlango. Lakini mama yake mpigie leo, umwambie binti aje Jumamosi kupima mara ya kwanza. Usimwambie lolote kuhusu kwa nini hukupokea simu zake, mpaka aulize. Akiuliza, mwambie ulikuwa umejificha.